Maswali ya Wasomaji: Kitagalogi cha Jikoni

Barua za toleo hili zimetoka Kirumba, Misungwi, Nyegezi, Igoma, Sengerema, Nansio na Nyamanoro, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu anayetaka kujifunza Kitagalogi aanzie wapi? Kitagalogi ni lugha ya Manila na mikoa inayouzunguka mji huo, na ndicho msingi wa Kifilipino, lugha ya taifa ya Ufilipino. Nimechagua barua zinazogusa chakula, kwa sababu naamini Mswahili akianzia jikoni atakuta nusu ya kazi imekwisha kufanywa na lugha yake mwenyewe.

Swali: Mwalimu, pole na kazi. Ninaendesha mgahawa mdogo hapa Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Binti yangu anafanya kazi Dubai na anaishi na akina dada wawili wa Kifilipino. Wanapika pamoja, naye kila akipiga simu ananifundisha neno jipya. Shida yangu ni wali. Siku moja ananiambia ni *bigas*, siku nyingine *kanin*, juzi akasema *palay*. Nikiandika orodha, kesho yake nimechanganya yote. Nitayashikaje maneno haya?
— Mama lishe, Kirumba

Jibu: Mama, binti yako hakosei, wala wenzake hawamchanganyi. Wewe mwenyewe huwezi kumwagiza kijana sokoni akuletee kilo tano za wali, wala hujapata kumsikia mkulima wa Magu akisema kwamba anapalilia mchele. Kitagalogi kinagawanya mambo pale pale tunapoyagawanya sisi: mpunga ulioko shambani au ambao haujakobolewa ni *palay*, mchele ni *bigas*, na wali ulioiva ni *kanin*. Wanaohangaika na maneno hayo ni wale wanaojifunza kwa kupitia Kiingereza, ambacho kina neno moja kwa vyote vitatu, kwa hiyo wanalazimika kukariri maelezo marefu mahali ambapo sisi tunahitaji neno moja tu. Ushauri wangu wa kwanza, na ndio nitakaoushikilia katika ukurasa huu mzima, ni kwamba usipitie huko. Toka jikoni kwako, uingie moja kwa moja jikoni kwao.

Ukifanya hivyo, maneno mengi yatakujia yakiwa na maana kamili tangu siku ya kwanza. Ukoko unaobaki chini ya sufuria ni *tutong*. Kiporo cha wali ni *bahaw*, na kiporo hicho kikikaangwa asubuhi kwa kitunguu saumu na chumvi kinaitwa *sinangag*, ambacho huliwa pamoja na yai, *itlog*. Wafilipino wameunganisha kichwa cha neno la kwanza na mkia wa la pili wakapata *silog*, kisha wakaanza kuitangulizia kila kitu kinacholiwa nayo: *tapsilog* ikiwa ni pamoja na *tapa*, yaani vipande vyembamba vya nyama iliyolazwa kwenye viungo, na *bangsilog* ikiwa ni pamoja na samaki aitwaye *bangus*. Uji wa mchele ni *lugaw*. Ukihamia kwenye mnazi mambo ni yale yale: nazi iliyokomaa ni *niyog*, dafu ni *buko*, tui ni *gata*, na chicha inayobaki baada ya kukamua ni *sapal*. Ninajua kwamba nazi zetu hapa Mwanza huja kwa malori kutoka pwani na kwamba wapishi wengi wa huku hukimbilia karanga, lakini karanga nazo, *mani*, zina heshima yake kwao. Chakula kinachoitwa *kare-kare* ni mkia wa ng'ombe na utumbo uliopikwa kwa mchuzi mzito wa karanga zilizosagwa, na mtu aliyekulia Usukumani hatahitaji kuelezwa kwa nini watu wanakipenda.

Neno lingine ambalo kamusi za Kiingereza hulizunguka sana ni *ulam*. Hilo ni kitoweo, kwa maana pana kabisa, yaani chochote kinachoshushia wali, kiwe nyama, samaki au majani. Katika mazungumzo ya kila siku sisi husema mboga hata kama kilichomo sufuriani ni sangara, na mtoto anayerudi shule akiuliza “Leo tuna mboga gani?” anauliza lile lile ambalo mtoto wa Manila huuliza: *Anong ulam?*

Sasa tuje kwenye kukumbuka. Achana na orodha ya neno moja moja, kwa sababu Kitagalogi hujenga maneno yake kwa mzizi na viambishi, jambo ambalo sisi tunalifahamu tangu utotoni. Chukua mzizi *kain*, wenye maana ya kula. *Kumain* ni alikula, *kumakain* ni anakula, *kakain* ni atakula, *pagkain* ni chakula, *kainan* ni mahali pa kulia, *pakainin* ni kumlisha mtu, na *kanin* yenyewe imezaliwa na mzizi huo huo. Mtu anayetoka kwenye *la* akafika kwenye *chakula*, *mlo*, *mlaji*, *lisha* na *liwa* bila kufikiri hana sababu ya kuogopa ukoo kama huu. Tofauti iliyopo ni kwamba kiambishi cha Kitagalogi huweza kupenya katikati ya mzizi, kama *-um-* ilivyopenya katika *kumain*, na kwamba tendo ambalo halijakamilika huonyeshwa kwa kurudia silabi ya kwanza ya mzizi, kama *ka* inavyorudiwa katika *kumakain* na *kakain*. Ukiteleka wali, sema kwa sauti *Nagsasaing ako*, ninapika wali. Ukikaa kula, sema *Kumakain ako ng kanin*. Sentensi inayosemwa huku mkono ukitenda hukaa kichwani kuliko ile inayosomwa kitandani.

Tahadhari moja tu: si kila Mfilipino amezaliwa na Kitagalogi. Kama mmojawapo wa wenzake binti yako ametoka visiwa vya Visaya, huenda kwao mpunga, mchele na wali ni *humay*, *bugas* na *kan-on*. Hicho ni Kisebuano, lugha ndugu, kwa hiyo binti aulize kwanza neno ni la wapi kabla ya kulituma Kirumba.

Swali: Mimi ni afisa ugani wilayani Misungwi. Ninatarajia kwenda Los Baños kwa mafunzo ya kilimo cha mpunga, na wenzangu wananiambia nisijisumbue na lugha kwa kuwa huko wote wanajua Kiingereza. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nianze na maneno gani?
— Afisa ugani, Misungwi

Jibu: Ndugu yangu, darasani wenzako watakuwa sahihi. Katiba ya Ufilipino ya 1987 inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kifilipino, na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, iliyoanzishwa mwaka 1960 na iliyotoa mbegu mashuhuri ya IR8 mwaka 1966, hupokea watu wa mataifa mengi na huendesha shughuli zake kwa Kiingereza. Lakini darasa huisha saa kumi, na mtu anahitaji kula.

Utakapotoka nje ya lango utakutana na *karinderya*, ambayo ni ndugu kamili wa banda la mama lishe: sufuria zimepangwa mezani, mteja anaonyesha anachotaka, anapakuliwa. Mabanda ya namna hiyo huitwa pia *turo-turo*, kutokana na *turo*, kuonyesha kwa kidole, kwa hiyo hata bubu hashindi njaa. Hata hivyo, ukijua kiambishi kimoja tu utasoma ubao mzima wa vyakula. Kiambishi hicho ni *-in-*, nacho hueleza kitu kilivyotendwa, kama sisi tunavyosema samaki wa kuchoma au nyama ya kukaanga. *Ihaw* ni kuchoma juu ya makaa, na *inihaw* ni cha kuchoma. *Gisa* ni kukaanga kwa mafuta kidogo pamoja na vitunguu, na *ginisa* ni kilichoungwa hivyo. *Laga* ni kuchemsha, na *nilaga* ni cha kuchemsha, kiambishi kikiwa kimegeuka *ni-* kwa sababu ya *l* inayofuata. Ukikumbuka kwamba *gata* ni tui, basi *ginataan* haihitaji mkalimani. Anayekariri hayo kama maneno manne yasiyohusiana anajitwisha mzigo wa bure.

Usile kabla hujasalimia. Neno *po* huwekwa ndani ya sentensi kumheshimu mkubwa au mtu usiyemzoea, na jibu la ndiyo lenye heshima ni *opo*. Asubuhi utasema *Magandang umaga po*, ukishukuru utasema *Salamat po*, na bei utaiuliza *Magkano po ito?* Mwanamume aliyekuzidi umri kidogo ni *kuya*, mwanamke ni *ate*, na watu hutumia majina hayo kwa muuza duka au dereva asiye ndugu yao, kama sisi tunavyosema kaka na dada. Mbele ya mzee utaona vijana wakiinama, wakiupokea mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso, wakisema *Mano po*. Aliyelelewa kwa shikamoo, au kwa kupiga goti mbele ya wakwe kama desturi ya Wasukuma inavyotaka, ataelewa papo hapo kinachotendeka.

Utakapopita mahali watu wanakula, utaambiwa *Kain po tayo*, karibu tule. Mara nyingi ni adabu tu, kama “karibu chakula” yetu, na kama huna nafasi utajibu *Busog pa po ako*, bado nimeshiba. Mezani utapewa kijiko na uma bila kisu: kijiko mkono wa kulia, uma wa kushoto husukumia chakula kwenye kijiko. Wakikuandalia *kamayan*, chakula kimemwagwa juu ya majani ya mgomba na kila mtu ananawa na kula kwa mkono, utakuwa umefika nyumbani.

Kwa shambani, shika *palayan* kwa shamba la mpunga, *pilapil* kwa tuta linalozuia maji ya jaruba, na *magsasaka* kwa mkulima. Mji wenyewe uko kando ya Laguna de Bay, ziwa kubwa kuliko yote nchini humo, lenye kilomita za mraba zipatazo 900. Wenyeji wako watajivunia ukubwa wake. Wewe uliyetoka kwenye ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 jizuie usicheke.

Swali: Ninasomea uvuvi hapa Nyegezi. Nimesikia kwamba Wafilipino wanafuga na kula tilapia kwa wingi. Je, ni huyu huyu sato wetu? Wanampikaje, na nikitaka kumpika hivyo hapa Mwanza inawezekana?
— Mwanafunzi, Nyegezi

Jibu: Kijana wangu, ni huyu huyu. Samaki anayefugwa zaidi kwenye mabwawa na vizimba vya Ufilipino katika jamii hiyo ni *Oreochromis niloticus*, ambaye kwetu ndiye sato anayejaza beseni za Mwaloni. Kwao alifikishwa mwaka 1972, baada ya ndugu yake mwenye asili ya pande za Msumbiji kutangulia mwaka 1950. Usisahau kwamba hata katika Ziwa Victoria sato huyu ni mgeni aliyepandikizwa miaka ya 1950, akamsukuma kando ngege aliyekuwa mwenyeji. Kwa hiyo wewe na Mfilipino mnakula samaki yule yule aliyehamishiwa kwenu katika karne moja, na ukitaja *tilapia* sokoni kwao hakuna atakayekuuliza unamaanisha nini.

Anza na jina la jumla: samaki ni *isda*. Kutoka hapo unapata *mangisda*, kuvua, *mangingisda*, mvuvi, na *palaisdaan*, bwawa la kufugia. Katika mapishi, *inihaw na tilapia* ni wa kuchoma, na *pritong tilapia* ni wa kukaanga, kutokana na neno la Kihispania. *Paksiw* ni samaki aliyechemshwa kwa siki, tangawizi na kitunguu saumu, akiwa na biringanya pembeni, na ni njia ya zamani ya kumfanya samaki asiharibike upesi kabla ya majokofu. *Sinigang* ni mchuzi mchachu, na uchachu wake mara nyingi hutoka kwenye *sampalok*, ambayo ni ukwaju. Wapishi wao hawatumii maji matupu kwa mchuzi huo, bali maji ya kuoshea mchele kwa mara ya pili, *hugas-bigas*, ambayo huupa uzito kidogo. Hilo linaweza kufanyika Nyegezi leo jioni.

Ninalokupendekezea hasa ni *ginataang tilapia*. Mpare sato, mpake chumvi, mkaange kidogo tu hadi ngozi ishike rangi, kisha mweke pembeni. Katika sufuria nyingine kaanga *bawang*, *sibuyas* na *luya*, yaani kitunguu saumu, kitunguu maji na tangawizi. Mimina tui, ongeza pilipili nzima, *sili*, bila kuipasua kama hutaki ukali, na uendelee kukoroga taratibu ili tui lisikatike. Likianza kuchemka polepole, mrudishe samaki, mwache ainywe ladha, na mwishoni weka majani. Wao hutumia mara nyingi *malunggay*, ambayo ni majani ya mlonge, na mlonge tunao. Ukikosa, matembele yanafaa vizuri. Nayo wanayala, wakiyaita *talbos ng kamote*. Viazi vitamu ni *kamote*, na muhogo ni *kamoteng kahoy*, kiazi cha mti. Sijapata kusikia kwamba wana michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa.

Jambo moja ulikwepe. Wana chakula kiitwacho *kinilaw*, samaki mbichi aliyeivishwa kwa siki na maji ya ndimu bila moto. Hutengenezwa kwa samaki wa baharini aliye freshi kabisa. Usikijaribu kwa sato wala sangara, kwa sababu samaki wa maji baridi huweza kubeba minyoo ambayo siki haiiui.

Kuhusu samaki wakavu, utajisikia uko Mwaloni kabisa. *Tuyo* ni samaki wadogo waliotiwa chumvi na kuanikwa juani, *daing* ni aliyepasuliwa kati na kukaushwa, kama kayabo, na *tinapa* ni wa moshi. Tena wanaye dagaa wao wa ziwani: *tawilis*, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika Ziwa Taal, lililozunguka volkano katika mkoa wa Batangas. Tahadhari unapoagiza: *tuyo* ni samaki mkavu, lakini *toyo* ni sosi ya soya, na ukikosea irabu moja utaletewa chupa badala ya sahani.

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni Mwislamu, na ninakaribia kujiunga na meli ambayo wapishi wake wengi ni Wafilipino. Nimeambiwa chakula chao kina nguruwe kila mahali. Nitaulizaje bila kumkera mtu?
— Msomaji, Igoma

Jibu: Waalaikumu salaam. Nguruwe ni *baboy*, ng'ombe ni *baka*, kuku ni *manok*. Swali lako ni *May baboy po ba ito?*, je, hiki kina nguruwe? Na tamko lako ni *Hindi po ako kumakain ng baboy*, mimi sili nguruwe. Hakuna atakayekereka, kwa maana Uislamu ni dini kongwe katika nchi yao, hasa Mindanao na visiwa vya Sulu, na neno halali wanalijua kama tunavyolijua. Uliza hata pale ambapo jina halidokezi nyama: *pansit*, ambazo ni tambi, na *lumpia*, ambazo ni kama sambusa za kuviringishwa, mara nyingi hutiwa nguruwe. *Dinuguan* usiulize, ipite tu. Ni mchuzi wa damu. Kwa upande wa kheri, mwombe mpishi anayetoka Sulu akupikie *tiyula itum*, supu nyeusi ya nyama ya ng'ombe ya Watausug, ambayo weusi wake hutokana na nazi iliyochomwa hadi kuwa mkaa.

Swali: Ninafundisha shule ya msingi Sengerema na ninajifunza Kitagalogi kwa kusikiliza redio ya intaneti. Maandishi yanasomeka kama Kiswahili, lakini nikitamka ninaambiwa nimesema kitu kingine. Tatizo ni nini?
— Mwalimu, Sengerema

Jibu: Mwalimu mwenzangu, tatizo ni mkazo. Irabu zao ni tano kama zetu, na sauti inayoandikwa *ng* ni ile ya ng'ombe, ambayo huweza kuanzisha neno: *ngayon*, sasa, hutamkwa kana kwamba imeandikwa ng'ayon. Wageni wengi hutoka jasho hapo, lakini mtu wa mkoa ambao wenyeji wake wa asili huuita Ng'wanza hana la kujifunza. Kumbuka tu kwamba *ng* ikisimama peke yake husomwa *nang*, na *mga*, inayoonyesha wingi, husomwa mang'a.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sisi tunaihamishia tabia hiyo kila mahali. Kitagalogi hakina utii huo. *Gabi* yenye mkazo mwanzoni ni magimbi. Yenye mkazo mwishoni ni usiku. Ukimsalimia mtu *Magandang gabi* kwa mkazo wa Kiswahili, umemtakia magimbi mazuri. Halafu kuna kukata sauti kooni mwishoni mwa neno, jambo ambalo maandishi ya kawaida hayalionyeshi: *suka* inayokatwa kooni ni siki, na isiyokatwa ni matapishi. Muktadha utakuokoa dukani, lakini sikiliza wenye lugha wanavyolimaliza neno.

Swali: Mwanangu, mimi ni mzee wa Nansio, nilifanya kazi melini ujanani. Nakumbuka Wafilipino wakisema *salamat*, *mesa*, *sabon*, *asukal*. Mbona hayo ni maneno yetu? Je, sisi na wao ni ndugu?
— Msomaji, Ukerewe

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Kwa damu ya lugha sisi si ndugu. Kiswahili ni Kibantu, na Kitagalogi ni cha jamii ya Kiaustronesia, ambayo imeenea kutoka Taiwan na visiwa vya Pasifiki hadi Madagaska. Ukitaka kumwona ndugu yao aliye jirani yetu, mtazame Mmalagasi: nane kwa Kitagalogi ni *walo*, na kwa Kimalagasi ni *valo*. Maneno uliyoyasikia yalipandia vyombo tofauti. *Salamat* ina asili ya Kiarabu na ilifika kwao kupitia Kimalai. *Mesa*, *sabon* na *asukal* zililetwa na Wahispania, waliotawala visiwa hivyo kuanzia 1565 hadi 1898, wakati meza yetu tuliipata kwa Wareno, na sukari kwa Waarabu. Ongeza *atsara*, mapapai mabichi yaliyokunwa na kulowekwa katika siki na sukari, ambayo ni achari yetu, neno lililosafiri kutoka Bara Hindi likaenda pande zote mbili.

Swali: Nina jioni moja tu na jiko la mkaa. Nipike nini, na nijifunze maneno gani?
— Msomaji asiye na subira, Nyamanoro

Jibu: Pika *adobong manok*. Jina *adobo* ni la Kihispania, lakini kamusi iliyochapwa Pila, Laguna, mwaka 1613 tayari ilikieleza kuwa chakula cha wenyeji, na hakihitaji chochote kisichopatikana Soko Kuu. Kata *manok* vipande. Mtie sufuriani na *suka* nusu kikombe, *toyo* kiasi hicho hicho, *bawang* kichwa kizima kilichopondwa, *paminta*, yaani pilipili manga, punje nzima kijiko kidogo, na majani mawili ya *laurel*, yale makavu yanayouzwa pamoja na viungo vya pilau. Ongeza *tubig*, maji, kikombe kimoja, bandika, na usitie chumvi kwa kuwa *toyo* ina yake ya kutosha. Punguza mkaa, acha kuku aive na mchuzi upungue hadi uanze kung'aa kwa mafuta, kisha mle na *kanin*. Wapishi wengi wa Kifilipino hushikilia sharti moja: ukishamimina siki, usikoroge mpaka ichemke, la sivyo itabaki na ukali wa ubichi.